Kutoka Entebbe hadi Ntinda: Historia Fupi ya Alama za Seti katika Shule za Uganda

Alama za seti ziliingia katika madarasa ya Afrika Mashariki zikiwa bado changa. Alama ya uanachama, ∈, ilianzishwa na Giuseppe Peano mwaka 1889. Ile ya seti tupu, ∅, ilitumiwa na kundi la wanahisabati wa Ufaransa lililojiita Bourbaki mwaka 1939. Mwaka 1962, warsha iliyoongozwa na William Ted Martin wa MIT, Marekani, ilikutana Entebbe. Humo wataalamu wa Kiafrika, Waingereza na Wamarekani walianza kuandika vitabu vya Hisabati Mpya, ambamo seti zilikuwa msingi wa kufundishia namba.

Mapokezi yalitofautiana. Kenya iliiondoa Hisabati Mpya mwaka 1981. Uganda ilizihifadhi seti, na hadi leo ni mada katika silabasi ya shule za msingi. Baada ya kuvunjika kwa Baraza la Mitihani la Afrika Mashariki, lililoundwa mwaka 1967, jukumu la utahini liliangukia UNEB, baraza lililoundwa kwa sheria ya mwaka 1983 na lenye makao Ntinda, Kampala.

Ugumu wa mtahiniwa haumo katika umbo la alama, bali katika neno linaloisoma. A ∪ B husomwa “A au B”. Katika mazungumzo, anayeulizwa “chai au kahawa?” hutarajiwa kuchagua kimoja, katika hisabati, aliyemo katika seti zote mbili huhesabiwa pia, ila mara moja tu. Tuseme darasa lina wanafunzi 40: 25 hucheza kandanda, 20 netiboli, na 5 hawachezi wowote. Kujumlisha 25 na 20 huleta 45, idadi inayolizidi darasa lenyewe. Muungano ni 35. Kwa hiyo mwingiliano, A ∩ B, ni 10.

Suala hili lina uzito wa kisera. Tanzania imefundisha hisabati ya msingi kwa Kiswahili tangu miaka ya 1960, na mwaka 2022 Baraza la Mawaziri la Uganda liliidhinisha Kiswahili kuwa somo la lazima shuleni. Iwapo istilahi za pamoja zitatungwa, haitatosha kuorodhesha “muungano” na “mwingiliano”. Sharti maana ya kihisabati ya “au” na “na” ifafanuliwe pia, kwa kuwa maneno hayo madogo ndiyo yanayobeba hesabu nzima.