Ukungu

Ukungu, kwa maana yake ya asili, ni mvuke uliogeuka matone madogo mno yanayoelea karibu na ardhi hata kuuziba upeo wa macho. Na aliyeamka alfajiri mjini Morogoro siku za masika, akakitafuta kilele cha Lupanga asikione, hahitaji sherehe zaidi. Pepo zitokazo Bahari ya Hindi, zikikabiliana na milima ya Uluguru, hulazimika kupanda, na kadiri zipandavyo hupoa, ndipo unyevu wake hugeuka matone. Kwa sababu hiyo miteremko ya mashariki, upande wa Kinole, hupata mvua nyingi kuliko ile ya magharibi, na katika misitu ya juu kuvumwani iliyofunika matawi huchuruzika maji hata siku isiyo na mvua. Kilicho wingu kwa mtu wa mjini huwa ukungu kwa aliyesimama juu ya Bondwa, kilele cha milima hiyohiyo.

Neno hilo hutajwa pia kwa kuvu iotayo juu ya mkate au mahindi yasiyoanikwa vema, na kwa weupe wa kwanza wa alfajiri.

Kwa istiara, macho huambiwa yameingia ukungu nuru yake ipunguapo. Na shauri lisilobainika, mathalani dai la shamba lisilo na hati wala shahidi, husemwa limegubikwa na ukungu. Maana hii ya mwisho, ijapokuwa magazeti yameichakaza kila msimu wa uchaguzi, ni fasaha na sahihi.