Nywila Zilipoanza Kuvuja

Mwishoni mwa mwaka 1961, katika chuo cha MIT nchini Marekani, Fernando Corbató na wenzake walionyesha mfumo ulioitwa CTSS, uliowezesha watu kadhaa kutumia kompyuta moja kwa wakati mmoja. Hadi hapo, mtafiti alikuwa akikabidhi kadi zake zilizotobolewa kwa waendesha mashine, anakwenda zake, anarudi baada ya saa nyingi kufuata majibu. Sasa aliketi mbele ya taipureta iliyounganishwa na kompyuta, akaamuru, akajibiwa papo hapo. Tatizo ni kwamba mafaili ya wote yalikaa mahali pamoja. Ili asiyehusika asiingie kwenye kazi ya mwenzake, Corbató akaamua kila mtumiaji awe na nywila yake.

Kilichopiganiwa wakati huo hakikuwa fedha wala siri za dola, bali muda wa mashine. Mwanafunzi wa udaktari Allan Scherr alipangiwa saa 4 kwa wiki, na utafiti wake ulihitaji nyingi zaidi. Scherr alijua kwamba mtu akitaka faili lichapishwe, anatoboa jina lake kwenye kadi na kuiacha kwa wahudumu. Usiku mmoja wa Ijumaa mwaka 1962 akaomba lichapishwe faili lenye nywila za watu wote. Hakuna aliyemuuliza kitu. Jumamosi asubuhi na mapema alikwenda kwenye kabati la karatasi zilizochapishwa, akajichukulia orodha yake, na tangu hapo akawa anatumia saa za wengine. Nywila nyingine aliwagawia wenzake, na mmoja wao akaingia kwenye akaunti ya mkurugenzi wa maabara na kumwachia ujumbe wa kejeli. Habari hizi tunazijua kwa sababu Scherr alizisimulia mwenyewe, miaka mingi baadaye.

Mwaka 1966 hapakuhitajika hata mwizi. Siku moja msimamizi mmoja alikuwa akihariri faili la nywila, na mwingine akihariri tangazo ambalo kila mtu huliona anapoingia kwenye mfumo. Programu ya kuhariri ilitumia faili moja la muda, lenye jina lile lile, kwa kuwa walioitengeneza hawakufikiria kwamba wasimamizi wawili wangefanya kazi hiyo kwa pamoja. Mafaili yakabadilishana nafasi. Kila aliyeingia akachapishiwa nywila za watu wote, zikifuatana mstari kwa mstari. Mtumiaji mmoja aliyeliona jambo hilo aliiangusha mashine kwa makusudi ili izime. Ilikuwa Ijumaa, saa 11 jioni, na msimamizi Tom Van Vleck badala ya kwenda nyumbani akakaa saa kadhaa akibadilisha nywila za watu.

Katika visa vyote viwili, mtumiaji wa kawaida hana kosa. Nywila zilivujia ghalani, mikononi mwa watunzaji. Nalisisitiza hili kwa sababu nyaraka nyingi za usalama zinazofika ofisini humwandama karani peke yake.

Mafundi walilijua, wakatafuta dawa: kompyuta isihifadhi nywila yenyewe, ihifadhi unga wake tu, kwani mahindi yakishasagwa hayarudi kuwa mahindi. Anayeingia akiandika nywila, mashine huisaga na kulinganisha unga kwa unga. Dawa ilikuwa nzuri, ila mwizi naye anaweza kusaga makisio yake. Mwaka 1979 Robert Morris na Ken Thompson wa Bell Labs walichapisha matokeo ya kuchunguza nywila 3,289 walizokusanya kwa watumiaji. Kumi na tano zilikuwa herufi moja tu. Nyingine 464 zilikuwa za herufi tatu. Kwa jumla asilimia 86 zilikuwa fupi mno, au zilipatikana kwenye kamusi na orodha za majina.

Hapo sasa mtumiaji alikuwa na sehemu yake ya lawama, na masharti yakaanza kumiminika. Yaliyoenea zaidi yalitiwa nguvu mwaka 2003 na Bill Burr, mtumishi wa NIST, taasisi ya viwango ya Marekani: changanya herufi kubwa, tarakimu na alama, kisha badilisha mara kwa mara. Burr alikuwa amewaomba wasimamizi wa kompyuta wa taasisi yake waruhusu azione nywila halisi za wafanyakazi ili aandike kwa ushahidi. Walimkatalia, wakisema ni siri za watu.

Wafanyakazi walitii kwa namna yao. Aliyelazimishwa kubadilisha Zanzibar1! aliandika Zanzibar2!, na baada ya miezi mitatu Zanzibar3!. Mwaka 2010 watafiti wa Chuo Kikuu cha North Carolina walionyesha kwamba, ukiwa na nywila ya zamani ya mtu, asilimia 41 ya nywila mpya zinakisiwa kwa sekunde chache.

NIST iliuandika upya mwongozo huo mwaka 2017, na Burr, akiwa amekwisha kustaafu, akakiri gazetini kwamba anajutia mengi aliyoyaandika. Mwongozo mpya unapendelea nywila ndefu, hata sentensi nzima. Mtumiaji asilazimishwe kuibadilisha ila pakiwa na dalili kwamba imevuja, na mfumo wenyewe ndio unaopaswa kuzikataa nywila zilizokwisha kuvuja kwingine. Hata hivyo, zipo ofisi ambazo mifumo yake ingali inahesabu siku 90.