Safari za Dawa Mpakani na Mfuko Wetu

Haya wengi tunayajua, lakini akina mama waliojiunga juzi hawayajui, ndiyo maana tunayaandika.

Habari za mpaka wa Kenya tulizisikia tangu utotoni. Ulifungwa Februari 1977, ukafunguliwa Novemba 1983. Miaka ile bidhaa zilikuwa shida tupu, hata sabuni! Mwaka 1993 serikali ilipoanza utaratibu wa kuchangia gharama hospitalini, dawa nayo ikaanza kutoka mfukoni mwetu.

Basi tulipoanza kikundi, baadhi yetu walikuwa wananunua vidonge vya presha na sukari Isebania, ng'ambo ya Sirari. Ni safari: Lamadi, Bunda, Tarime, ndipo mpakani. Mtu akienda peke yake, nauli na kulala vinameza nafuu yote. Tukakaa tukapiga hesabu. Aende mmoja, abebe karatasi za daktari za wenzake, anunue za miezi mitatu. Hapo nafuu ikaonekana. Ila pamba ikichelewa kuuzwa hela hakuna, na presha haingoji msimu.

Ndipo tukaanzisha mfuko wa dawa, mbali na hisa na mikopo. Mwanachama akiishiwa anakopa bila riba, ananunua hapa hapa Bariadi kama dawa ipo. Mama mmoja alikuwa anakata kidonge nusu nusu ili kifike mavuno. Siku hizi anameza kizima. Safari za mpakani zimepungua, hazijakwisha.