Wasiohesabiwa kwenye Ufaulu



Tulipokuwa wadogo, sekondari ya serikali ilikuwa ya wachache: watoto wa watumishi, na mmoja mmoja wa wakulima wa pamba aliyebahatika kuchaguliwa. MMES ilipoanza mwaka 2004, kata zikajenga, wazazi wakasomba mawe na mchanga, na binti wa mfugaji naye akavaa sare.

Mkoa wetu wa Simiyu ulianzishwa 2012. Mtihani wa kidato cha nne wa mwaka huo, nchi nzima, zaidi ya nusu walipata sifuri kabla matokeo hayajapangwa upya. Mwaka 2016 ada ya kutwa, shilingi 20,000, ikafutwa; madarasa yakafurika. Zikaja kambi za kitaaluma, nasi tukashangilia ufaulu.

Lakini asilimia ya ufaulu hupigwa kwa waliofanya mtihani tu. Aliyeishia kidato cha pili, akaolewa au akarudi kuchunga, hayumo. (Mhasibu akifunga vitabu hivyo, mkaguzi humrudisha.) Tangu Novemba 2021 aliyejifungua anaruhusiwa kurejea shuleni, umbali wa kutembea alfajiri uko palepale. Mchango wa mwaka huu ni wa bweni la wasichana.