Herufi Saba Zilizoimbisha Nchi ya Majani Chai

Kwaya ya kanisa huko Litein au Longisa ikipewa wimbo mpya, aghalabu karatasi haina ile mistari mitano yenye nota nyeusi. Ina herufi: d, r, m, f, s, l, t. Hiyo ndiyo solfa. Asili yake ni Uingereza, ambako Sarah Glover, mwalimu wa Norwich, alibuni njia nyepesi ya kuwafunza watoto kuimba kwa kusoma. Mchungaji John Curwen akaichukua miaka ya 1840 na kuiboresha, wamisionari wakaisambaza. Huko Afrika Kusini, mwaka 1897, Enoch Sontonga alitunga kwa solfa wimbo ambao muziki wake ndio wimbo wa taifa wa Tanzania leo. Kenya iliipata kupitia shule za misheni, na tamasha la muziki lililoanza 1927 likaipa sababu ya kudumu.

Kwa maoni yangu, kilichoipa nguvu zaidi ni taipureta. Nota za mistari zilitaka mchapaji maalumu. Solfa ilitaka herufi na alama za kawaida tu. Mwalimu alipiga wimbo kwenye stensili, akazungusha mashine, na jioni kwaya nzima ikawa na nakala.

Tazama kipande hiki:

d : d .r | m : – |

Nukta pacha hutenga mapigo, nukta moja hukata pigo nusu, kistari huendeleza sauti iliyotangulia, mstari wima hufunga kipimo. Juu kabisa huandikwa: Doh ni F. Ila kuna sharti ambalo wanakili wavivu hulipuuza: nukta pacha za soprano, alto, tena na besi lazima zipangane wima, moja chini ya nyingine. Zikipishana, besi huingia kabla ya wakati, na lawama humwangukia mwimbaji badala ya aliyeandika karatasi.

Si kila muziki wa huku ulioingia kwenye herufi hizo. Mwaka 1950 Hugh Tracey alirekodi Kapkatet wimbo wa wasichana wa Kipsigis, "Chemirocha", jina lililotokana na mwimbaji Mmarekani Jimmie Rodgers. Solfa ingeshika tuni yake. Mvumo wa nyuzi za kinubi kilichousindikiza ulihitaji mashine ya kurekodi.

Walimu wa kwaya wa Kericho na Bomet, msichome karatasi zenu za zamani. Andikeni juu yake jina la mtunzi na mwaka, kisha pelekeni nakala kwenye maktaba iliyo karibu.