Ukumbi wa Kampala: Mgogoro wa Mwenyeji katika OAU, 1971–1975

Hoteli ya Serena ya Kampala, pamoja na ukumbi wake mkubwa wa mikutano, ina historia ambayo wengi wanaolala pale hawaijui. Majengo yale yalijengwa na kampuni ya Yugoslavia kwa agizo la serikali ya Milton Obote, ili wakuu wa nchi za Umoja wa Nchi Huru za Afrika (OAU) wakutane Kampala katikati ya mwaka 1971. Wageni hao walifika mwaka 1975, wakiwa pungufu, na aliyewapokea alikuwa Idi Amin. Insha hii inafuatilia miaka hiyo minne. Hoja yangu ni kwamba ubishi juu ya mahali pa mkutano, ambao vitabu vingi huupitia kwa sentensi moja, ulikuwa karibu njia pekee iliyowabakia viongozi wa Afrika ya kutoa hukumu juu ya mwenzao, na kwamba njia hiyo ilikuwa dhaifu tangu mwanzo.

Tuanze na katiba ya OAU, iliyotiwa saini Addis Ababa tarehe 25 Mei 1963. Kifungu cha 3 kilizitaka nchi wanachama zisiingilie mambo ya ndani ya nchi nyingine. Mtu asikibeze kifungu hicho. Nchi zilikuwa changa, mipaka ilikuwa ya mkoloni, na kila serikali iliogopa jirani atakayewapa silaha wapinzani wake. Lakini kifungu kilichowekwa kulinda nchi kiligeuka kuwalinda watawala, kwa sababu OAU ilimtambua yule tu aliyekalia kiti.

Nani amekalia kiti cha Uganda? Swali hilo lilizuka tarehe 25 Januari 1971, jeshi lilipompindua Obote akiwa Singapore kwenye mkutano wa Jumuiya ya Madola. Hata safari hiyo ilikuwa na ugomvi wake. Waziri Mkuu wa Uingereza, Edward Heath, alikusudia kuiuzia Afrika Kusini silaha, na Nyerere na Kaunda walitaka Obote awe pamoja nao kumpinga. Alikwenda, ingawa alijua kwamba jeshini kwake hali si shwari. Baada ya kupinduliwa, Nyerere alimpa hifadhi Dar es Salaam na akakataa kumtambua Amin. Zambia, Guinea na Somalia nazo hazikuukubali utawala mpya.

Mwezi mmoja baadaye Baraza la Mawaziri la OAU lilikutana Addis Ababa, na wajumbe wa Uganda wakafika makundi mawili: moja limetumwa na Amin, jingine linamwakilisha Obote. Kwa mtu asiyejua kazi ya diplomasia hili laweza kuonekana kama jambo la karani wa mapokezi. Lakini kumpa mtu kiti chenye kibao cha nchi ni sawa na kuitambua serikali iliyomtuma. Mawaziri walibishana, hawakuafikiana, na mwisho kikao kikaahirishwa bila tarehe huku ajenda nzima ikibaki mezani. Nchi zilizokuwa bado chini ya Wareno na makaburu zilisubiri kwa sababu ya kiti kimoja.

Ikabaki shida kubwa zaidi. Mkutano wa wakuu ulikuwa umekwisha kupangwa Kampala, na kwa desturi ya OAU kiongozi mwenyeji ndiye anayekuwa mwenyekiti wa Umoja kwa mwaka unaofuata. Mwenyekiti aliyekuwapo alikuwa Kaunda. Maana yake, mkutano ukifanyika Kampala, Kaunda angemkabidhi uenyekiti mtu ambaye hakutaka hata kumtambua. Suluhisho lililopatikana lilikuwa kuuhamishia mkutano Addis Ababa, Juni 1971, ambako Moktar Ould Daddah wa Mauritania alichukua nafasi hiyo. Uganda haikulaaniwa wala haikutetewa. Ilinyang'anywa uenyeji tu, na katika lugha ya OAU hilo lilikuwa badiliko la ratiba. Naona ulikuwa ujanja mzuri kwa mwaka ule mmoja, ila uliacha deni. Hakuna aliyesema Amin hafai, kwa hiyo siku ya kumrudishia zamu yake hakuna ambaye angekuwa na hoja ya kumnyima.

Huku kwetu Afrika Mashariki mkutano mwingine ulikufa kabisa. Jumuiya ya Afrika Mashariki iliongozwa na Mamlaka ya marais watatu, na Nyerere hakukubali kukaa meza moja na Amin. Tangu mapinduzi yale Mamlaka hayakukutana tena hata mara moja. Makao makuu ya Arusha yaliendelea na kazi, na mambo yaliyohitaji idhini ya marais yalipitishwa kwa karatasi. Jumuiya ilivunjika mwaka 1977 kwa sababu nyingi, zikiwamo malalamiko ya biashara na siasa tofauti za uchumi, lakini ni vigumu kuona jinsi ugomvi kama huo ungeamuliwa na watu ambao hawakutani.

Kati ya 1971 na 1974 Uganda ilijulikana vizuri. Waasia walifukuzwa mwaka 1972. Mwaka huohuo Jaji Mkuu Benedicto Kiwanuka alichukuliwa akauawa, na Frank Kalimuzo, Makamu Mkuu wa Chuo cha Makerere, akatoweka. Kwa mada yetu, itazame hasa wizara ya mambo ya nje, ambayo kwa kawaida ndiyo inayoandaa mkutano wa aina hii. Waziri Wanume Kibedi, shemeji yake Amin, alikimbilia uhamishoni na mwaka 1974 akamwandikia Amin barua ya wazi ya kumshtaki kwa mauaji. Aliyemfuata, Michael Ondoga, aliachishwa kazi na maiti yake ikapatikana mtoni Nile. Aliyemfuata Ondoga, Elizabeth Bagaaya, alifukuzwa mwaka huohuo wa 1974. Katika mwaka huo pia Tume ya Kimataifa ya Wanasheria ilitoa ripoti yake juu ya Uganda. Hakuna kiongozi aliyeweza kusema hakusikia.

Hata hivyo zamu ya 1975 ilipewa Kampala. Kwa nini? Sikubaliani na wanaosema viongozi wote walikuwa waoga. Wengi wao, akina Gowon, Mobutu na Siad Barre, walikuwa wanajeshi waliofika ikulu kwa mapinduzi au baada ya mapinduzi. Kumkataa Amin kwa sababu hiyo kungekuwa kujikataa wenyewe. Nchi za Kiarabu zilimpenda kwa kuvunja uhusiano na Israeli mwaka 1972. Na wapo waliofurahia kumwona Mwafrika akiwadhihaki Waingereza. Mwezi mmoja kabla ya mkutano, mahakama ya kijeshi ilimhukumu kifo mwalimu Mwingereza, Denis Hills, kwa sababu ya maandishi yaliyomwita Amin dikteta wa kijijini. Waziri wa Mambo ya Nje wa Uingereza, James Callaghan, ilimbidi aruke hadi Kampala mwezi Julai kumchukua. Mzungu mmoja aliokolewa na waziri mzima. Familia ya Ondoga haikuwa na wa kumtuma.

Tanzania, Zambia na Botswana zilikataa kwenda. Serikali ya Tanzania ilitoa tamko kali: kukutana Kampala ni kuupa heshima utawala wa mauaji, na Afrika haiwezi kuwalaani makaburu huku ikiwanyamazia Waafrika wanaowaua Waafrika wenzao. Naliona tamko hilo kuwa mojawapo ya maneno ya ukweli zaidi kuwahi kutolewa na serikali ya Afrika katika miaka ile. Lakini ukweli wa tamko ni jambo moja, na hesabu ya kikao ni jambo jingine. Katiba ilihitaji theluthi mbili ya wanachama ili mkutano uwe halali, na OAU ilikuwa na nchi zaidi ya 40. Viti vitatu vitupu havikuzuia chochote. Tulinganishe na Tripoli mwaka 1982: mkutano wa OAU ulishindikana mara mbili, kwanza kwa sababu ya Sahara Magharibi na baadaye kwa sababu ya Chad, kwa kuwa nchi za kutosha zilikaa nje na akidi haikutimia. Silaha ya kususia ilikuwapo. Mwaka 1975 haikupata mikono ya kutosha, na Tripoli inaonyesha kwamba mikono ilipatikana kwa urahisi zaidi katika mabishano juu ya nani akalie kiti kuliko juu ya watu waliouawa.

Mkutano ulifunguliwa tarehe 28 Julai 1975. Amin, aliyekwisha kujipandisha cheo kuwa Fildi Mashali, akawa mwenyekiti. Siku ya pili habari zikaja kutoka Lagos kwamba Jenerali Gowon, mgeni ukumbini, amepinduliwa. Jengo lililoagizwa na rais aliyepinduliwa akiwa mkutanoni likapata mgeni aliyepatwa na lilelile. Mkutano uliendelea.

Gharama ya uenyekiti huo ilionekana baadaye. Oktoba 1975 Amin alikwenda Umoja wa Mataifa akiwa msemaji wa Afrika nzima, akataka Israeli ifukuzwe humo na ifutwe kuwa taifa. Magazeti ya Marekani yakapata walichokitaka kusema juu ya bara letu. Januari 1976 ndiye aliyekuwa mwenyekiti wa mkutano maalumu wa Addis Ababa juu ya Angola, suala gumu kuliko yote ya mwaka ule. Nchi 22 zilitaka MPLA itambuliwe, 22 zilitaka serikali ya pamoja, na hakuna uamuzi uliofikiwa. Siwezi kudai kwamba mwenyekiti mwingine angeupata. Lakini Nyerere, kiongozi wa jirani aliyekuwa na ushawishi mkubwa katika mambo ya ukombozi, na mwenyekiti huyo hawakuwa watu wa kuongea.

Julai 1976 Amin aliruka kwenda Port Louis, Mauritius, kukabidhi uenyekiti, wakati mateka wa ndege ya Ufaransa wakiwa wamezuiliwa Entebbe. Makomando wa Israeli walitua usiku uleule aliorudi. Mwezi huohuo, Guinea, alikamatwa Diallo Telli, ambaye mwaka 1971 alikuwa Katibu Mkuu wa OAU wakati makundi mawili ya Uganda yalipogombea kiti kimoja. Alikufa mwaka 1977 katika gereza la Camp Boiro. Kifungu cha 3 kilikuwa bado kinatumika.