Feni ya Bafuni na Historia Iliyojificha Ukutani

Wadau, leo tuache siasa kidogo. Twendeni bafuni.

Nyumba na gesti nyingi zinazojengwa Tunduma na Vwawa siku hizi zina chumba cha "masta", yaani choo na bafu humo humo ndani. Zamani choo kilikuwa uani, na upepo ndio ulikuwa feni. Tulipokihamishia ndani, harufu na mvuke navyo vikahamia. Na kwa baridi ya Juni kule Songwe, nani atafungua dirisha akitoka kuoga maji ya moto? Ndiyo maana feni ya kutoa hewa imekuwa kitu cha kawaida.

Sasa feni hiyo ikiungua, mtu ananunua nyingine, anapanda juu ya stuli na kusema: "Si nyaya mbili tu hizi?"

Hapo ndipo historia inapoingia.

Mwaka 1890 Wajerumani na Waingereza walikubaliana mpaka unaopita Tunduma. Baada ya Vita Kuu ya Kwanza, Tanganyika ikawa mikononi mwa Waingereza hadi 1961, na ng'ambo ya pili, Nakonde, walikuwa hao hao. Pande zote mbili zikarithi umeme wa Kiingereza, pamoja na ile plagi ya miguu mitatu ya bapa ambayo kiwango chake kilitoka London mwaka 1947. Tukarithi na rangi: nyekundu ni waya wa moto, nyeusi ni nyutro, kijani ni ethi.

Ulaya ikaja na rangi nyingine: kahawia ni moto, bluu ni nyutro, kijani chenye mstari wa njano ni ethi. Waingereza wenyewe waliziruhusu kwenye nyaya za ukutani mwaka 2004, na mwaka 2006 wakaachana na za zamani kwa kazi mpya. Lakini kuta za zamani hazikubomolewa. Ukutani unakuta nyekundu na nyeusi, kwenye feni mpya kahawia na bluu.

Kibaya zaidi, katika mfumo wa zamani wa fezi tatu, bluu ilikuwa waya wa moto! Katika mpya, nyeusi ndiyo fezi. Rangi ile ile, maana mbili, na katikati yake kuna uhai wa mtu mwenye miguu iliyolowa.

Kwa hiyo usiamini rangi, pima. Zima meni switchi, siyo swichi ya ukutani tu, kwani kama fundi wa kwanza aliifunga kwenye nyutro, feni itasimama lakini waya bado una moto. Jaribu testa mahali penye umeme kwanza, ndipo upime pale. Kahawia iende kwenye moto, bluu kwenye nyutro, ethi kwenye ethi. Acha upenyo chini ya mlango, maana feni haiwezi kutoa hewa isiyoingia. Na kama husomi nyaya, tafuta fundi mwenye leseni ya EWURA. Bei yake ni ndogo kuliko sanda.

Mwaka 1961 tulishusha bendera ya mkoloni. Nyaya zake tuliziacha ukutani, na bado zinaongea lugha yake.

Haya, kwenu ukutani kuna rangi zipi? Tuambizane.